Indiketa Katika Land Rover ya Zamani: Safari ya Ishara Moja Hadi Kibiti

Land Rover ya kwanza ilionyeshwa kwa umma mjini Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948. Ilikuwa na taa kubwa mbili zilizowekwa nyuma ya wavu wa mbele, taa ndogo, taa za nyuma na honi, lakini haikuwa na kifaa chochote cha umeme cha kumjulisha aliye nyuma kwamba dereva anakusudia kukata kona. Leo gari la ukoo huo likipita katika barabara ya Kilwa, kutoka Mkuranga kupitia Jaribu, Bungu na Kibiti hadi Ikwiriri, trafiki anaweza kulisimamisha na kumwambia dereva awashe indiketa, kushoto kisha kulia. Kati ya hali hizo mbili imepita miaka zaidi ya 70, na katika miaka hiyo mafundi wengi wamelazimika kuingiza taa mpya katika nyaya ambazo hazikuandaliwa kuzibeba.

Kazi hiyo mara nyingi huelezwa kwa kuanzia kwenye waya na balbu. Hapa tutaanza na barabara, kwa kuwa ndiyo iliyoleta haja ya ishara, na haja hiyo ndiyo iliyoleta taa. Atakayefahamu kwa nini gari lilikuja bila indiketa atafahamu pia kwa nini indiketa zilizoongezwa ovyo huzima, hufifia au huunguza waya.

Nchi ya Rufiji, ambayo barabara hiyo huipita, haikuwa rafiki wa magurudumu. Mto wenyewe hutawanyika katika mikono mingi kabla ya kuingia baharini, na mikono hiyo imezungukwa na msitu mkubwa wa mikoko. Watu wa delta walisafiri kwa mtumbwi na jahazi, na mpaka leo kuna vijiji huko ambavyo gari halifiki. Serikali ya Wajerumani iliweka makao yake ya wilaya kwanza Mohoro, baadaye Utete, na mahali pote pawili mto ulikuwa njia muhimu kuliko barabara. Vita Kuu ya Kwanza ilipofika, manowari ya Kijerumani Königsberg ilijificha katika delta hii hadi ilipozamishwa na Wajerumani wenyewe tarehe 11 Julai 1915, baada ya kupigwa na meli za Waingereza Severn na Mersey. Miaka miwili iliyofuata majeshi yalipigana katika bonde la Rufiji, na malori yaliyoletwa na Waingereza yalishindwa na matope ya masika. Mizigo ilibebwa kichwani na wapagazi, ambao walikufa kwa maelfu kwa maradhi na uchovu. Ni haki tuwakumbuke hapa, kwa sababu usafiri wa kusini mwa Tanzania ulijengwa kwanza juu ya miili yao.

Katika enzi ya Waingereza barabara ya kwenda kusini ilikuwapo, lakini ilikatwa na mto. Magari yalivushwa kwa pantoni, na mafuriko yalipokuja safari ilisimama. Kwa hiyo sehemu kubwa ya mizigo ya Kilwa, Lindi na Mtwara ilipita baharini. Katika barabara kama hiyo dereva alikutana na magari machache kwa siku, na alienda polepole kwa sababu ya mchanga na mashimo. Ishara ya mkono ilitosha. Kwa kuwa usukani uko kulia, dereva alinyoosha mkono wa kulia nje ya dirisha kuonyesha kwamba anakwenda kulia, aliuzungusha kinyume cha saa kuonyesha kushoto, na aliupandisha na kuushusha kuonyesha kwamba anapunguza mwendo. Kwenye lori alikuwapo pia utingo, ambaye aliona kwa niaba ya dereva upande ambao dereva hauoni, na aligonga bodi kumjulisha.

Hapa pana swali linalogawa maoni. Kwa nini kiwanda cha Rover hakikuweka ishara za umeme katika gari la 1948? Wako wanaosema teknolojia ilikuwa bado. Maelezo hayo hayasimami, kwa sababu Morris Minor, gari dogo la Uingereza lililozinduliwa mwaka huohuo wa 1948, lilikuwa na ishara za umeme ubavuni. Wengine wanasema kiwanda kilibana matumizi. Hili lina ukweli kiasi, maana Uingereza ilikuwa na uhaba wa chuma baada ya vita, na bodi ya Land Rover ilitengenezwa kwa aloi ya alumini kwa sababu hiyo. Lakini naona sababu yenye uzito zaidi ni matumizi yaliyokusudiwa. Land Rover ilibuniwa kuwa gari la shamba, la kuvuta jembe na kubeba maziwa, na shambani hakuna mtu wa kumpa ishara. Gari hilo lilipochukuliwa na maofisa wa wilaya, wamisheni, wapimaji ardhi na wafanyabiashara wa Tanganyika, lilikuja na umaskini uleule wa taa.

Ishara za ubavuni za Morris Minor zinastahili maelezo, kwa kuwa ndizo zilizotangulia. Zilienea Ulaya kuanzia miaka ya 1920. Ni mkono mfupi uliolala ndani ya nguzo ya mlango. Dereva akibonyeza swichi, sumaku ya umeme huuvuta mkono ukachomoza nje, na balbu ndogo ndani yake ikawaka. Udhaifu wake ni wa kimakanika. Vumbi likiingia katika bawaba, mkono hukwama ndani au hubaki umechomoza baada ya kona kupita, na taa yake ndogo haionekani vizuri katika jua kali la pwani. Wakati huohuo Wamarekani walikuwa wamechukua njia nyingine. Buick za mwaka 1939 ziliuzwa zikiwa na taa za kuwaka na kuzimika, ambazo hazina kiungo kinachotoka nje ya gari. Jicho la binadamu hugundua upesi kitu kinachobadilika kuliko kitu kilichotulia, na hiyo ndiyo nguvu ya indiketa tunayoijua.

Mapambano ya njia hizo mbili yanaonekana wazi katika Mkataba wa Geneva wa Usafiri Barabarani wa mwaka 1949. Mkataba haukuchagua upande. Uliruhusu mkono unaochomoza wenye taa ya rangi ya machungwa isiyokatika. Uliruhusu taa ya machungwa inayowaka na kuzimika katika kila ubavu. Na uliruhusu taa za mbele na nyuma za kuwaka na kuzimika, nyeupe au za machungwa mbele, nyekundu au za machungwa nyuma. Anayekuta leo gari la zamani lenye indiketa nyeupe mbele na nyekundu nyuma asidhani ni kosa la fundi. Huenda anaona mabaki ya ruhusa ile.

Baada ya Uingereza kuruhusu indiketa za kuwaka na kuzimika katikati ya miaka ya 1950, viwanda vyake vilitafuta njia rahisi ya kuziingiza katika magari yaliyokwisha kubuniwa. Njia iliyopendwa ilikuwa kutumia taa zilizopo. Mbele, balbu ya taa ndogo ilibadilishwa kwa balbu yenye nyuzi mbili, mmoja hafifu wa taa ndogo na mwingine mkali wa indiketa. Nyuma, uzi wa taa ya breki ulifanywa uwake na kuzimika upande mmoja, na kisanduku cha rilei kilichotengenezwa na Lucas wa Birmingham kiliamua uzi huo utii breki au utii indiketa. Hivyo magari mengi ya miaka ile yalipata indiketa bila kutobolewa tundu jipya. Njia hiyo ni ya busara kwa mtengenezaji, lakini ina hatari barabarani: dereva akifunga breki huku ameonyesha kona, aliye nyuma huona taa nyekundu moja imetulia na nyingine inawaka na kuzimika, na usiku, katika vumbi, asiweze kutofautisha kona na waya uliolegea. Baadaye nchi nyingi zilielekea kwenye taa ya machungwa peke yake, na naona zilifanya sawa.

Land Rover yenyewe ilibadilika polepole. Toleo la pili lilitoka mwaka 1958, likafanyiwa marekebisho mwaka 1961, na toleo la tatu likaja mwaka 1971 likiwa na swichi ya indiketa katika nguzo ya usukani kama gari la kisasa. Magari ya katikati yaliwekewa indiketa kwa namna mbalimbali kulingana na nchi yalikouzwa, na mengi yana swichi iliyobanwa kwa nje kwenye nguzo ya usukani. Ndiyo maana Land Rover mbili zinazofanana kwa sura zinaweza kuwa na nyaya tofauti kabisa.

Sasa tuangalie umeme wenyewe. Chanzo cha umeme katika Land Rover za mwanzo ni dainamo, si altaneta. Dainamo ile ya volti 12 hutoa karibu ampea 20 injini ikizunguka vizuri, na karibu haitoi kitu injini ikiwa sailensa. Tukigawanya wati kwa volti tunapata ampea, na hesabu inajieleza. Taa kubwa mbili za wati 42 hula ampea 7. Taa ndogo na za nyuma, nne za wati 6, hula ampea 2. Koili ya kuwashia moto hula kama ampea 3 au 4. Taa za breki mbili za wati 21 hula 3.5, na waipa huchukua nyingine mbili tatu. Kabla hujaongeza kitu umekaribia 18. Indiketa upande mmoja, balbu ya mbele na ya nyuma za wati 21 kila moja, huongeza 3.5 wakati zinapowaka. Kwa hiyo gari lililotoka kiwandani lilikuwa limepimwa karibu na ukomo wake, na waliolipima walijua walichokuwa wakifanya. Wapo wanaodai kwamba umeme wa magari ya Kiingereza ya zamani ulikuwa mbovu tangu kiwandani. Hesabu hii inaonyesha jambo tofauti kidogo: ulitosha kwa mzigo uliokusudiwa, na ulianza kulalamika ulipoongezewa.

Jambo la pili la umeme huwashangaza vijana wengi wa gereji. Magari ya Uingereza kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1930 hadi miaka ya 1960 yalifungwa chanya ya betri kwenye bodi, na hasi ndiyo iliyosafiri ndani ya nyaya. Maelezo mawili hutolewa. La kwanza linahusu kutu: penye unyevunyevu, umeme unaovuja hula upande wa chanya, kwa hiyo bodi nene ikiwa chanya itaumia kidogo, na nyaya nyembamba za shaba zitasalimika. La pili linahusu plagi: cheche huruka kwa urahisi zaidi ikitokea kwenye ncha ya kati ya plagi, iliyo na joto zaidi, ikiwa ncha hiyo ni hasi. Maelezo ya pili ni kweli kuhusu cheche, lakini si sababu nzuri ya kugeuza gari zima, kwa kuwa koili inaweza kufungwa itoe cheche ya namna hiyo hata bodi ikiwa hasi. Maelezo ya kutu yanaridhisha zaidi, ingawa kama tutakavyoona, hayakuliokoa gari katika chumvi ya pwani. Mwisho wa miaka ya 1960 mtindo huo uliachwa, Land Rover ikiwamo, wakati redio za transista na altaneta zilipofanya bodi hasi kuwa kanuni ya dunia nzima.

Wakati hayo yakitokea viwandani, Rufiji ilipata mageuzi yake. Mafuriko makubwa ya 1968 yaliharibu mashamba ya bondeni, na mwaka 1969 serikali iliendesha operesheni ya kuwahamishia wakulima wa bonde katika vijiji vya ujamaa kwenye ardhi ya juu. Wataalamu bado hawakubaliani kuhusu operesheni hiyo: wengine wanaiona kuwa uokoaji, wengine wanasema iliwatenga watu na udongo wenye rutuba waliojua kuulima kwa kufuata maji. Kwa habari yetu linalohusika ni kwamba shule, zahanati na maduka vilianza kukusanyika mahali ambapo gari linaweza kufika. Watoto, mbuzi na baiskeli wakawa jirani wa barabara. Mwaka 1973 Bunge likapitisha Sheria ya Usalama Barabarani, Na. 30 ya mwaka huo, ambayo ingali msingi wa sheria za barabarani Tanzania Bara.

Je, sheria hiyo ndiyo iliyoleta indiketa katika magari ya zamani? Kwa sehemu tu. Mwishoni mwa miaka ya 1970 na miaka ya 1980 fedha za kigeni zilikuwa haba, vita ya Kagera na bei ya mafuta zilikwisha kuichosha nchi, na spea zilipatikana kwa shida. Gari lilitembea kwa ufundi wa kuunga. Taa iliyotolewa kwenye lori lililokufa iliwekwa kwenye Land Rover, na waya wowote ulioonekana, hata wa nyumbani, ulivutwa hadi kwenye swichi yoyote. Nyaya nyingi zinazowasumbua mafundi wa leo zilifungwa katika kipindi hicho, na aliyezifunga hakuwa mzembe. Alitumia alichokuwa nacho.

Naona kilicholeta indiketa kwa kweli ni mwendo kasi. Daraja la Mkapa katika eneo la Ndundu, lenye urefu wa karibu kilomita moja, lilifunguliwa mwaka 2003, na pantoni ikastaafu. Kipande cha kutoka Ndundu hadi Somanga, kilomita 60 hivi, kilichelewa kupata lami kwa miaka kadhaa zaidi, na masika yaliendelea kuyakwamisha mabasi humo. Lami ilipokamilika barabara ya kusini ikawa njia ya mabasi ya Lindi na Mtwara, malori ya korosho na saruji, na baadaye bodaboda zinazoingia na kutoka kila kijiji. Gari linaloenda kilomita 80 kwa saa hukata zaidi ya meta 22 kila sekunde. Aliye nyuma yake anahitaji kujua mapema, na mkono uliotoka dirishani hauonekani kwa umbali huo, sembuse usiku.

Katika barabara hiyohiyo indiketa ilipata kazi nyingine. Madereva wa malori huwasha ya kushoto kumwambia aliye nyuma kwamba mbele ni kweupe apite, na ya kulia kumwambia asubiri. Desturi hiyo imetoka katika ukarimu wa kweli, na imesaidia wengi kupita magari marefu. Lakini ya kulia ni ileile ya kukata kona kulia, na ya kushoto ni ileile ya kuingia kituoni. Anayeendesha gari la zamani lenye indiketa hafifu asiitegemee lugha hiyo, wala asiitumie.

Tufike sasa kwenye kazi yenyewe, kama fundi umeme mwangalifu wa Kibiti au Ikwiriri angeifanya kwa Land Rover ya miaka ya 1950 ambayo haijawahi kuwa na indiketa.

Hatua ya kwanza ni kutazama betri: ni chanya au hasi iliyofungwa kwenye bodi? Ikiwa ni chanya, mwenye gari achague. Anaweza kuiacha hivyo na kutumia flasha ya zamani inayofanya kazi kwa joto. Au anaweza kuligeuza gari liwe hasi: nyaya za betri zibadilishane, nyaya za koili na za ampea mita zibadilishane, na sumaku iliyobaki ndani ya dainamo igeuzwe kwa kuchomoa nyaya zake, kisha kugusisha ncha ya F kwa muda mfupi na waya unaotoka kwenye ncha ya betri isiyofungwa kwenye bodi. Atakayesahau hatua hiyo ya mwisho ataona dainamo haichaji, na atalaumu kitu kingine.

Flasha ya joto inafaa kueleweka, kwa sababu ndiyo moyo wa mfumo. Ndani ya kikopo kidogo cha alumini kuna uzi mwembamba wa chuma uliovutwa ukakaza, na uzi huo unazuia mdomo wa umeme usifunge. Dereva akiwasha swichi, umeme kidogo hupita katika uzi, uzi hupata moto na kurefuka, mdomo hufunga, na balbu huwaka kwa nguvu zote. Mdomo ukifunga uzi hukosa umeme, hupoa, hukaza tena, na mdomo hufunguka. Mzunguko huo hurudiwa mara 60 hadi 120 kwa dakika. Flasha za Lucas za wakati huo zina ncha tatu: B kwa umeme unaoingia, L kwa taa, na P kwa kitaa cha kumwonyesha dereva kwenye dashibodi. Kwa kuwa mwendo wake unategemea kiasi cha umeme kinachopita, balbu moja ikikatika flasha hubadilika, na dereva hupata habari bila kushuka garini. Ni ubunifu wa hali ya juu kwa kifaa kisichokuwa na hata transista moja.

Ubunifu huo ndio unaoleta tatizo dukani. Flasha inayopatikana kwa urahisi katika mji wowote wa bodaboda ni ya pikipiki, na balbu za pikipiki ni ndogo, mara nyingi wati 10. Flasha hiyo ikifungwa kwenye balbu mbili za wati 21 itaenda kasi isivyo kawaida au itaungua. Ya lori la volti 24 nayo itatulia tuli. Ni afadhali kusubiri mzigo kutoka Gerezani, Dar es Salaam, kuliko kufunga kilichopo kwa sababu tu kipo.

Umeme wa kuilisha flasha usichukuliwe kamwe kwenye waya wa taa kubwa. Katika magari mengi ya Kiingereza ya wakati ule kulikuwa na fyuzi mbili tu, na taa kubwa hazikupita katika yoyote kati yake. Waya wa indiketa ukiungwa hapo na siku moja ukachubuka kwenye chesisi, hakuna kitakachoukata isipokuwa moto. Mahali sahihi ni fyuzi inayopata umeme baada ya swichi ya injini kuwashwa, ambayo nyaya zake ni za kijani. Kutoka hapo waya uende ncha ya B, kisha kutoka L hadi kwenye swichi ya usukani, kisha ugawanyike. Utaratibu wa rangi wa Uingereza ni kijani chenye mstari mwekundu kwa kushoto na kijani chenye mstari mweupe kwa kulia. Fundi akiufuata, fundi wa miaka 20 ijayo atausoma bila kuuliza. Kuhusu taa, ushauri wangu ni zile za machungwa zinazojitegemea, mbili mbele kwenye madigadi na mbili nyuma, badala ya kuchanganya na breki.

Hapa ndipo pwani inapotoa hukumu yake. Indiketa za Land Rover zinazofanya kazi vizuri bara huanza kufifia baada ya miezi michache ya kwenda Nyamisati, kwenye delta, na kurudi, na lawama hutupwa kwa balbu, kwa flasha au kwa Lucas. Mara nyingi kosa liko kwenye ethi. Umeme unaotoka kwenye taa hurudi kwenye betri kupitia bodi, na bodi ya Land Rover ni alumini iliyofungwa kwa bolti kwenye chesisi ya chuma. Metali hizo mbili zikigusana penye maji ya chumvi, alumini huanza kuliwa na kuacha unga mweupe, na unga huo hauruhusu umeme kupita. Taa ya indiketa ikikosa njia ya kurudi hutafuta nyingine, mara nyingi kupitia balbu ya jirani. Ndiyo maana unaweza kuona taa ndogo ikicheza pamoja na indiketa. Kubadilisha balbu hakutibu ugonjwa huo. Kinachotibu ni waya wa ethi wa kila taa, unaorudi moja kwa moja hadi kwenye chesisi iliyokwanguliwa ikang'aa, ukafungwa kwa bolti, ukapakwa grisi. Fundi mwenye mita aipime wakati taa inawaka: kati ya kikombe cha taa na ncha ya betri iliyofungwa kwenye bodi isizidi nusu ya volti. Nyaya zipite juu ya ukingo wa chesisi, si chini yake ambako tope la bwawani hukaa, na kila tundu la alumini liwekewe mpira ili waya usikatwe.

Siku hizi kuna balbu za LED, ambazo hutoa mwanga mkali kwa wati mbili au tatu tu. Kwa dainamo iliyochoka hizo ni nafuu kubwa. Lakini flasha ya joto haitasikia umeme mdogo kiasi hicho, na flasha ya elektroniki inayoweza kuusikia mara nyingi hutaka bodi iwe hasi, kama zitakavyo balbu nyingi za LED zenyewe. Kwa hiyo uamuzi uliofanywa mwanzoni kuhusu betri ndio unaoamua taa zitakazowekwa mwishoni.

Oktoba 2024 Land Rover zaidi ya 1,000 zilikusanyika Arusha katika tamasha lao, na miongoni mwa wapenzi wa magari hayo wapo wanaotaka kila kitu kibaki kama kilivyotoka kiwandani na wapo wanaotaka gari la kutumia kila siku. Indiketa hazihitaji kuwagombanisha. Nyaya za nyongeza zikivutwa katika mkanda wake wenyewe, zikalishwa kutoka kwenye fyuzi moja na kurudi kwa ethi zake, bila kukata hata waya mmoja wa kiwandani, zinaweza kuvuliwa kwa mchana mmoja. Na mpaka siku hiyo, gari linaloteremka kutoka Bungu jioni kuelekea Kibiti litaonekana kwa mbali linapotaka kukata kona kulia.